Sahihi Isiyokuwa na Kny

Naapa, tena naapa nikiwa nimeketi vizuri na miwani iko usoni, kwamba kisa hiki ni cha kweli tangu herufi ya kwanza mpaka nukta ya mwisho. Sifa yangu naijua. Wajukuu wakisikia "babu anasimulia" hutafuta kwanza ukuta wa kuegemea. Ni kweli niliwahi kusema nilimwona mbu akiruka na kofia ya polisi, na sirudi nyuma. Ila niongeze tu kwamba ilikuwa kofia ndogo. Lakini hiki ni kingine. Kwa hiki naweka rehani kiti changu cha kuzunguka, kile cha ngozi nilichopewa siku ya kustaafu. Atakayenikamata na uongo hata wa neno moja, kiti achukue, nami nitakalia ndoo mpaka siku nitakayoitwa.

Nilikuwa karani wa masijala, Ikulu. Masijala ni chumba cha majalada: barua ikiingia inapewa namba, inafungiwa kamba, inalazwa. Wengi waliofika pale waliingia kwa vyeti. Mimi niliingia kwa ujanja. Darasa nililiona kupitia dirishani; kusoma na kuandika nilijifunza mwenyewe kwenye magazeti yaliyofungiwa sabuni, na kwa kuwa yale magazeti yalikuwa yamelowa, baadhi ya herufi zangu zilitoka zimepinda. Hilo lishike, halafu lisahau.

Ukitaka kujua jamhuri yetu ilitawaliwa vipi siku zile, usisome katiba. Tazama chini ya barua, pale penye sahihi. Utakuta vijiherufi vitatu: kny. Kwa niaba ya. Anayeagiza sabuni za vyooni anasaini kny Mhasibu. Mhasibu naye akisaini, kny Mkurugenzi. Mkurugenzi, kny Katibu Mkuu. Katibu Mkuu, kny Waziri. Mtu aliyetia sahihi yake tupu alikuwa ametoa shingo. Mwenye kny alikuwa na mlango wa nyuma. Bwana mmoja wa idara ya utumishi alizoea hivyo hata akamwandikia mchumba wake barua ya mapenzi akaisaini kny, na ukweni wakampokea bosi wake.

Tulicheka sana na hizo kny. Sikujua kwamba siku moja zitamfunga mdogo wangu kamba ya shingo.

Mdogo wangu, tumbo moja, alikuwa mchora vibao. Mtaa mzima walimwita Brashi. Maduka, vinyozi, zahanati, vyote vilisomeka kwa mkono wake, na alikuwa na majivuno ya herufi kama wengine walivyo na majivuno ya ng'ombe. Serikali ilipojenga ukumbi mpya wa Bunge, ikaamuliwa mlangoni pawe na kibao chenye upana wa hatua ishirini: KARIBU MTUKUFU RAIS. Kazi akapewa Brashi. Akapanda jukwaa na kopo zake za rangi na herufi zake za bati za kuchorea. Sasa sikiliza bahati mbaya. Ile F ya bati ilimponyoka ikazama ndani ya kopo la rangi, naye akachukua iliyokuwa karibu, yaani T, akapaka, akafunika kibao kwa kitambaa kusubiri sherehe. Juu ya kopo hilo sitaki kusema zaidi.

Siku ya sherehe Rais mwenyewe alivuta kamba. Kitambaa kikaanguka. Watu elfu nne wakasoma kwa pamoja: KARIBU MTUKUTU RAIS.

Ukimya ulishuka mpaka ungesikia sisimizi akivua viatu. Kisha mtu mmoja, nyuma kabisa, akacheka. Kimoja tu, "hi!" Lakini kicheko ni kama kiberiti. Watu elfu nne wakaangua, mpaka farasi wa gwaride wakacheka. Rais hakucheka. Alitazama kile kibao kama mtoto aliyesomewa ripoti ya shule mbele ya wageni.

Kesi ya Brashi ilichukua muda wa kuchemsha yai. Uhaini. Nilisimama mle mahakamani nikapiga kelele, "Nichukueni mimi, mwacheni mdogo wangu!" Askari watano wakanikalia kifuani. Ikaamriwa anyongwe Siku ya Jamhuri, Ijumaa, saa sita mchana, ili liwe somo. Rais akatia sahihi amri, bahasha ikapigwa lakiri, na kesho yake akapanda ndege kwenda nje kucheki afya. Ilikuwa imebaki miezi minne.

Mwezi wa kwanza redio ikasema Rais anaendelea vizuri. Wa pili, anaendelea vizuri sana. Wa tatu, anaendelea vizuri mno. Tulipofika wa nne alikuwa anaendelea vizuri kiasi kwamba hakuna aliyethubutu kuuliza yuko wapi. Picha yake ilining'inia kila chumba, na kila asubuhi mfagiaji alipangusa vumbi puani pake. Nchi ikawa inatawaliwa na picha.

Na kama vile la Brashi halikutosha, wiki mbili kabla ya siku yenyewe nilianguka kutoka ngazi ya masijala, na rafu ya majalada yenye lebo ya "Haraka Sana" ikanifuata. Ni rafu nzito kwa sababu haijawahi kuguswa. Mkono wangu wa kulia ukavunjika mahali pawili. Hospitali wakaufunga plasta ngumu, nyeupe, kutoka ncha za vidole hadi kiwiko, nikawa natembea kama mtu aliyebeba mtoto asiye wake.

Alhamisi asubuhi, siku moja kabla, niliingia kazini na jalada kwapani. Ndani yake mlikuwa na karatasi moja ya kumwokoa mdogo wangu. Kamati ya Msamaha ilikuwa imekaa, ikasema kosa la herufi moja halistahili kamba, ikapendekeza asamehewe. Hati ya msamaha mpiga chapa wetu alishaipiga, safi, haina hata doa la kufuta. Chini kulikuwa na nafasi tupu ya sahihi. Nafasi yenyewe upana wa vidole vitatu. Maisha ya mdogo wangu yalikuwa yanalala pale.

Nikaanza na Katibu Mkuu. Ofisini tulimwita Bwana Tutalishughulikia.

"Shikamoo, mheshimiwa."

"Marahaba. We! Huo mkono vipi?"

"Umevunjika, mheshimiwa."

"Pole, pole sana. Lete huo mkono nikuandikie pole yako." Akachomoa kalamu na kuandika juu ya plasta, kwa mwandiko mzuri wa mviringo: Pole sana. Akasaini. Kny Katibu Mkuu.

"Mheshimiwa, Katibu Mkuu si ni wewe?"

"Mimi nakaimu tu."

"Basi kaimu na hapa, mheshimiwa." Nikamwekea hati.

Aliitazama kama mtu aliyefunua shuka akakuta nyoka. "Hii? Hii ni ya juu, kijana wangu. Mpelekee Waziri. Tutalishughulikia."

Waziri wa Sheria nilimkuta chini ya meza yake. Alisema anatafuta kifungo. Nilipiga magoti tukazungumza kule chini, pua kwa pua.

"Rais akirudi akakuta mtu amesamehewa," alininong'oneza, "ataniuliza, 'Bwana, Rais ni nani?' Nitamjibu nini?"

"Na asiporudi, mheshimiwa?"

Alinishindilia kiganja mdomoni. "Hilo hujalisema. Nami sijalisikia. Na hapa chini ya meza hatujawahi kukutana." Kisha, kwa kuwa alikuwa na roho nzuri, akaona plasta. Akaandika: Upone haraka. Kny Waziri.

Makamu wa Rais alikuwa na ofisi yenye milango miwili. Ukiingia kwa huu anatoka kwa ule. Nilimzunguka kama paka na panya hadi saa tisa alasiri, nikamnasa chooni, bomba limefunguliwa kabisa ili kuta zisisikie.

"Mzee wangu," nikamwambia, "katiba inasema Rais asipokuwepo, mwenye nchi ni wewe. Ni sahihi moja tu. Kesho saa sita wanamnyonga ndugu yangu."

"Asipokuwepo," akasema. "Lakini nani kasema hayupo? Redio inasema yupo na anaendelea vizuri. Nikisaini nimesema hayupo. Nikisema hayupo nimemuua. Nikimuua, kamba inahama kutoka shingo ya ndugu yako inakuja kwangu." Akanawa uso. Machozi na maji ya bomba yalikuwa kitu kimoja. "Unafikiri nalala nikimfikiria huyo mchora vibao? Nilicheka siku ile, unajua? Nilikuwa mmoja wao. Nimeshaota mara tatu kwamba wamenijua."

"Basi saini, mzee."

Aliichukua kalamu. Naapa aliichukua, akaiinamisha juu ya ile nafasi ya vidole vitatu, nikaona ncha yake inakaribia karatasi. Kisha kalamu ikapinda njia kama punda aliyeona maji, ikaja kwenye plasta. Pole kwa yote. Kny Makamu wa Rais.

"Mzee, Makamu ni wewe mwenyewe!"

"Najua, mwanangu," akasema akifunga bomba. "Ndiyo maana."

Nilirudi nyumbani na mkono uliosainiwa na serikali nzima, na karatasi isiyosainiwa na mtu.

Mama yetu alikuwa anapiga pasi. Gerezani walikuwa wamemtumia ujumbe: alete shati safi, na mfuko wa kuchukulia vitu vya marehemu. Walikuwa wameandika hivyo hasa, marehemu, na mtu mwenyewe yuko hai anakula. Shati lilikuwa jeupe, la kola. Alipiga ile kola, akaigeuza, akaipiga tena, akalowesha vidole kwa mate kunyoosha pembe zake.

"Umempata mkubwa?" akauliza bila kuinua uso.

"Bado, mama."

"Huko kwenu mkubwa ni nani?"

"Mama, sijui."

"Miaka tisa unafanya kazi humo ndani. Hujui mkubwa ni nani?"

Alirudi kwenye kola. Alipoipiga kwa mara ya tano nilitoka nikakaa uani, nikaona kwamba maji yamezidi unga.

Ijumaa saa tatu asubuhi mama alikuwa ameshakaa kwenye benchi la lango la gereza, shati mapajani, kama mtu anayesubiri zamu kliniki. Mimi nilikwenda kazini. Usinicheke. Mtu aliyekata tamaa huenda anakokujua. Ofisi zilikuwa tupu, wakubwa wote wako kwenye jukwaa la sherehe wakiipigia saluti picha. Masijala tulikuwa wawili, mimi na yule mpiga chapa, dada mkimya aliyeajiriwa mwaka ule, mashine yake iko karibu na dirisha.

Nilifungua jalada la mdogo wangu ili nilifunge. Kwetu mtu akifa jalada lake hufungwa kamba nyekundu, na sikutaka mwingine aifunge. Ndipo nikaiona. Nakala ya ile amri ya kunyonga, iliyokuja ndani ya bahasha ya lakiri, ambayo hakuna karani aliyewahi kuisoma. Anyongwe, saa sita, Siku ya Jamhuri. Sahihi ya Rais, kubwa, yenye mkia. Na chini yake, kwa vijiherufi vidogo kama mayai ya chawa:

Kny Wananchi.

Nilisoma mara mbili. Nikasoma ya tatu kwa kidole. Hata yeye! Mtu tuliyedhani ndiye kilele cha ngazi, naye alikuwa na mlango wa nyuma, na mlango wenyewe ukifunguka unatokea kwetu sebuleni. Kumbe mdogo wangu ananyongwa kwa niaba yangu. Kwa niaba ya mama, aliyekaa langoni na shati. Kwa niaba ya vinyozi wote wa mtaa.

Saa ya ukutani ilisema tano na robo.

Basi nikaishika kalamu, mkono imara, nikaweka hati ya msamaha juu ya meza na kutia sahihi katika ile nafasi ya vidole vitatu. Sahihi nzito, bila kuogopa. Chini yake nikaandika neno moja, Mwananchi. Kny sikuweka. Ningeweka ya nani?

Nilikimbia. Nilikimbia kiasi kwamba kivuli changu kilichelewa kufika. Lango la gereza, benchi, mama akainuka, sikusimama. Mkuu wa Gereza alikuwa mtu wa miaka thelathini kazini, mwili kama kabati. Aliipokea ile karatasi, akaisoma taratibu, midomo ikicheza, akafika chini akasimama.

"Kny iko wapi?"

"Hakuna, afande."

"Haipo vipi? Barua ya serikali haina kny?" Aliigeuza nyuma. Akaipandisha kwenye mwanga wa dirisha. "Mwa-na-nchi. Huyu ni nani?"

"Ndiye mwenyewe, afande."

"Mwenyewe, mwenyewe?"

"Mwenyewe kabisa. Hakuna aliye juu yake. Wengine wote, hadi Rais, husaini kwa niaba yake."

Nilimwona akitoa jasho. Miaka thelathini alikuwa akipokea amri kutoka kwa watu waliojificha nyuma ya watu, na leo, kwa mara ya kwanza, mtu amejitokeza uso kwa uso. Akavua kofia. Akaivaa tena, maana bila kofia huwezi kupiga saluti. Akaibana miguu, akaipigia ile karatasi saluti iliyotikisa kalenda ukutani.

"Kaimu!" akaita. Ndiyo, hata mnyongaji alikuwa anakaimu. "Kunja kamba yako."

Ilikuwa saa sita kasoro dakika tatu. Brashi alitoka na macho ya mtu aliyeamshwa kabla ya ndoto kuisha. Mama alimvalisha lile shati palepale nje ya lango, akafunga vifungo kuanzia chini, na alipofika kwenye kola mdogo wangu akamshika mkono. "Hicho acha, mama." Mpaka leo kifungo cha juu hafungi. Hata siku ya harusi yake hakukifunga.

Wiki tatu baadaye redio ikapiga muziki wa huzuni. Rais alikuwa amefariki wiki ya kwanza baada ya kuondoka. Miezi minne yote watu wazima wenye digrii walikuwa wanamwogopa marehemu, na marehemu alikuwa anaendelea vizuri. Aliyekuja baada yake akaamuru kibao kishushwe na majalada yote ya kesi ile yachomwe, kny sijui nani. Na mimi, niliyeongoza jamhuri kwa muda wa dakika arobaini na mbili bila ulinzi wala ving'ora, nikarudi kufunga kamba majalada.

Hapo nilitaka kuweka nukta yangu ya mwisho. Lakini maandishi haya hupigwa chapa na mke wangu, mashine yake iko karibu na dirisha, na dakika hii nimesikia mashine imenyamaza.

"Baba watoto."

"Naam."

"Uliishika kalamu kwa mkono gani?"

"Kwa mkono... kwani ni wangapi?"

"Hapa ukurasa wa pili umesema wa kulia ulikuwa ndani ya plasta, kutoka ncha za vidole. Kwa kushoto hata kijiko kilikushinda. Miezi mitatu mama yako alikuwa anakulisha."

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa haijavuka hata uwanja wa nyumba. Nikakohoa.

"Uliinamia meza," akasema, na hakuwa anacheka, "ukawa unalilia plasta yako mpaka wino wa mawaziri ukachuruzika. Ulikuwa unasema, 'kwa niaba yangu, kwa niaba yangu.' Kalamu niliishika mimi. Hukuniuliza, wala sikukuuliza. Mwandiko ule ni wangu. Ulipotaka kuleta posa mwaka uliofuata, mama yako alikwambia, yule, kama hakumwogopa Rais, wewe atakuweza."

"Sawa, mama watoto. Kalamu ni wewe. Mbio nilikimbia mimi."

"Mbio ulikimbia. Hizo nakupa." Akarudisha karatasi nyuma. "Na hapa mahakamani. Ulisimama ukapiga kelele?"

Nikavua miwani, nikaanza kuifuta.

"Nilikuwepo. Ulikuwa benchi la nyuma, umeinama, unajifanya unafunga kamba za viatu. Na ulikuwa umevaa ndala."

Nikarudisha miguu chini ya kiti.

"Na hili kopo," akasema mke wangu, sasa kwa sauti ya chini. "Hili kopo, baba watoto, ndilo linalonichosha. Miaka yote hii unazamisha F ndani yake. Mimi nilipiga ile oda ya kibao kutoka kwenye mwandiko wako. F zako na T zako ni mapacha. Nilikuwa mgeni, nikaogopa kuuliza, nikapiga T. Hilo langu. Lakini shemeji yeye hakuogopa. Alikuja na barua mpaka dirishani kwetu akakuita, 'Kaka, hili neno liko sawa?' Ukamjibu nini?"

Nilimjibu nini? Nilikuwa na tai mpya siku ile. Kulikuwa na watu wa wizarani wamesimama karibu, na sikutaka waone kwamba mchora vibao mwenye suruali ya madoa ni mdogo wangu. Hata ile barua sikuitazama. Nilimwambia, "Serikali haikosei. We kapake rangi."

Ndivyo ilivyokuwa. Hakuna kopo. Hapakuwahi kuwa na kopo.

"Inuka," akasema mke wangu. "Kwenye kiti."

Niliinuka. Alikivuta mpaka kwenye mashine yake, akaketi, akajizungusha mara moja kukijaribu, miguu juu, kama msichana. "Sasa mwenye kiti ni mimi," akasema. "Na mwenyekiti anaagiza hivi: nenda kwa shemeji yangu ukamwambie la kopo kwa mdomo wako. Ukirudi uniambie alivyosema, nitapiga kama ilivyo. Ukiongeza hata mbu mmoja nitajua."

Karakana ya Brashi iko mitaa miwili kutoka kwetu. Nilimkuta anachora kibao cha duka la dawa, mvi kichwani, rangi ya buluu kwenye ndevu, kifungo cha juu wazi. Nikamweleza. Nilieleza vibaya, nikianzia mwisho. Yeye aliendelea na mkia wa herufi yake mpaka alipoumaliza, maana Brashi haachi herufi njiani.

"Nilijua limekosewa," akasema. "Palepale dirishani nilijua. Lakini nikasema, huyu ni kaka yangu, yuko Ikulu, ana tai. Huenda huko juu maneno yana maana nyingine."

"Na mahakamani? Mbona hukunitaja? Walikuuliza mara tatu nani alikwambia upake."

Alifuta brashi kwa kitambaa, upande huu, upande ule.

"Mama angepiga pasi mashati mawili," akasema.

Nikatafuta pa kukaa. Kiti sikuwa nacho tena, wala kwake hakuna. Alinisogezea ndoo ya rangi kwa mguu, akaipindua, nikaikalia. Kisha akanitwisha mapajani ubao mpana ambao haujapakwa kitu, akanishikisha brashi mkono wa kulia, ule uliopona ukabaki na kigongo.

"Haya, kaka. Andika F."

"Moja?"

"Jaza ubao."

Niliandika. Ubao ulikuwa na urefu wa mlango. Nilipofika mstari wa nne mkono ulikuwa unawaka, jasho linadondokea rangi, naye amesimama nyuma yangu, kalamu ya risasi sikioni, akihema taratibu kama mkaguzi wa shule ambayo sikuwahi kuingia.

"Ngoja," akasema, akaweka kidole. "Hiyo T. Rudia."